Tulivyolimiana kwa Kompyuta Pale Garsen

Juzi nilikuwa nimekaa kwenye kibanda cha chai hapa Garsen, nangoja mahamri yapoe, nikawasikia vijana wawili wa meza ya pili wakipatana. Mmoja huuza viatu kwa simu. Mwingine hupiga picha za harusi.

"Nifollow nikufollow, bro," alisema wa viatu. "Halafu picha zangu zote uzilike. Mimi pia nazilike zako."

"Zote? Ziko mob."

"We gonga like tu. Si lazima uangalie."

Wakapeana mikono, wakainama, vidole vikaanza mbio. Kabla mahamri yangu hayajapoa, kila mmoja alikuwa amezipenda picha zote za mwenzake, na hakuna hata moja iliyoonwa. Nilicheka mpaka mwenye kibanda akaja kuuliza kama nimepaliwa. Sikuwa nimepaliwa. Nilikuwa nimekutana na kazi yangu ya zamani, imevaa nguo mpya.

Basi vijana, haya ninayaandika kwa ajili yenu, ingawa najua mtayasoma mkiwa mnatafuta kitu kingine. Jina langu ni Buya, mzaliwa wa Kilelengwani. Maisha yangu ya kazi niliyamaliza mbele ya kompyuta: nilichapa barua za watu, nikatunza tovuti, na mwisho nikawa fundi wa mashine zilizouawa na vumbi, ambazo huku kwetu ni nyingi kuliko zilizo hai. Nimestaafu. Macho yangu yalistaafu kabla yangu. Sina hekima ya kugawa. Nina makosa, na moja ni kubwa kuliko mengine yote, nalo linahusu mikeka ya kijiji cha Hewani na mashamba yaliyokauka huku mimi nikinywa chai.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, baada ya mvua ya El Niño kuitenga Garsen na dunia nzima, ulikuja mradi mmoja mdogo wa kusaidia wafanyabiashara wadogo wa Delta. Jina lake halina haja. Ulikwisha kufa na waliouanzisha wamekwenda kuanzisha mingine. Ofisi ilikuwa vyumba viwili vya mabati, simu moja, kompyuta moja na jenereta. Kompyuta ilikuwa chini yangu. Jenereta ilikuwa chini ya Galgalo.

Galgalo alikuwa Mworma wa makamo, mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake karibu wote katika mafuriko yale. Aliajiriwa kwa sababu yeye peke yake hakuiogopa ile jenereta. Kila siku kabla ya kuiwasha aliipapasa ubavuni na kuisikiliza, kama vile itamwambia imelalaje. Siku ya kwanza nilipounganisha mtandao, modemu ikaanza kile kilio chake, na waliowahi kukisikia wanakijua. Mara taa zikazimika. Galgalo alikuwa amezima jenereta, yuko mlangoni, uso umemkunjamana.

"Buya, hapa ndani iko kitu inakufa," alisema.

Nilimweleza kwamba huo ni mlio wa kompyuta ikiongea na kompyuta nyingine Mombasa. Akafikiri. "Kama hiyo ni salamu," akasema, "hawa watu hawapendani."

Simu ya Garsen nayo ilikuwa na tabia zake. Ikinyesha, inakohoa. Tumbili wakicheza juu ya waya, inakatika. Tulikuwa na ruhusa ya kuunganisha saa mbili kwa siku, kuanzia adhuhuri, na katika saa mbili hizo nilijifunza ubahili ambao ninyi hamtaujua kamwe. Niliandika kila barua kwenye karatasi kwanza, nikaichapa, nikaisoma mara mbili, ndipo nikapiga simu. Picha niliizuia isifunguke mpaka niihitaji. Na picha zetu wenyewe nilizipunguza mpaka mkeka ukawa mdogo kama stempu ya posta, kwa sababu mtu akingoja picha ifunguke nusu ya siku ataondoka, hata kama mkeka wenyewe umesukwa na malaika. Hilo bado ni kweli. Nawaona mnavyoweka video nzito kwenye kurasa zenu halafu mnalalamika kwamba watu hawana subira.

Aliyenifundisha kazi hii ni Kassim, mtu wa Kipini aliyekuwa na duka dogo la kompyuta Malindi. Alikuwa mwembamba, mwenye ulimi mtamu, na hakuwahi kumaliza kikombe cha kahawa maana alikuwa akikumbuka jambo katikati. Yeye ndiye aliyetutengenezea tovuti ya kikundi cha wanawake wa Hewani. Ilikuwa na kurasa mbili tu. Wa kwanza ulionyesha mikeka sita. Ukibofya chini, unaingia wa pili, ulioeleza namna ya kuagiza. Kila ukurasa ulikuwa na kaunta yake, kijisanduku kinachohesabu umefunguliwa mara ngapi.

"Ya mbele wakubwa watawaonyesha watu," Kassim aliniambia kuhusu kaunta zile. "Lakini weye mwenyewe tazama ya pili."

Niliitikia. Kuitikia ni jambo rahisi sana.

Miezi miwili ikapita. Kaunta ya mbele ilisema thelathini na moja. Bwana mkubwa wa mradi, aliyekaa Nairobi na kutuandikia barua za mistari mitatu, akauliza mbona watu hawaji. Nikapanda basi kwenda Malindi kumuuliza Kassim.

"Sikiza, Buya," alisema. "Duka likiwa uchochoroni, nani atakuya? Lakini kuna mahali watu hubadilishana kutazamana. Weye wajiandikisha. Wafungua ukurasa wa mtu, wakaa nao sekunde thelathini, kuna saa inahesabu. Ukifungua kurasa mbili za watu, wako nao wafunguliwa mara moja na mtu mwingine huko duniani. Hulipi kitu. Si ndivyo mnavyolimiana nyinyi Wapokomo?"

Nilipiga kofi mezani kwa furaha. Hatimaye mtu alikuwa amenieleza mtandao kwa lugha ya mama yangu.

Kwa msiojua, na naona siku hizi mko wengi: mto wetu ukijaa na kushuka, huacha tope kwenye mashamba ya ukingoni. Tope lile kwetu ni zaidi ya mvua. Lina siku zake za kulimwa. Likishapasuka, jembe linaruka juu yake na mbegu haioti. Mtu mmoja hawezi kuliwahi shamba lake peke yake. Kwa hiyo kundi huenda kwa zamu, leo kwa fulani, kesho kwa fulani, kila mtu na jembe lake, mpaka zamu imzungukie kila mmoja. Mwenye shamba hupika. Na mwenye shamba hutembea nyuma ya wanaomlimia. Hutembea kwa adabu, akiwaletea maji, lakini macho yanayo kazi yake, na hapo ndipo humtambua anayekwaruza. Anayekwaruza udongo juu juu hagombezwi. Wakati wa kula huachiwa ukoko, wote wanajua kwa nini, na zamu yake ikifika nao wanamkwaruzia.

Nililelewa ndani ya desturi hiyo. Kassim aliposema ni kulimiana nilielewa kila kitu isipokuwa kitu kimoja.

Nikarudi Garsen nikaanza kazi. Wiki ya kwanza nililima kwa uaminifu. Niliona ukurasa wa mtu anayekusanya vifungo vya mashati, vifungo tu, amevipanga kwa rangi. Niliona dawa za kuotesha nywele, kanisa moja dogo, duka la kola za mbwa, na njia za kutajirika ambazo kama zingekuwa za kweli hakuna ambaye angepata nafasi ya kuziandika. Nilisoma kila kitu mpaka chini. Yule wa vifungo nilimwandikia barua, nikamsalimu, nikamuulizia hali ya nyumbani na nikamsifu kwa subira yake. Hakujibu. Nikajiambia labda yuko shambani.

Wiki ya tatu nilikuwa sisomi tena, natazama ile saa ya sekunde tu. Wiki ya tano nikagundua kuna mahali pa kubofya ambapo kurasa hufunguka zenyewe, moja baada ya nyingine, bila mkono wa mtu. Niliona hayo ni maendeleo. Nikawa naiwasha mashine adhuhuri, nateleka chai kwenye jiko la mafuta, nakunywa nikiwa nimekaa mbele ya kioo kama mtu aliye kazini. Kaunta ya mbele ikaanza kupanda. Mia. Mia tatu. Wiki moja tulipata mia mbili na kumi kwa mkupuo.

Galgalo aliniuliza kazi ile inakwendaje, nikamweleza. Alikuwa akifuta mafuta mikononi kwa kitambaa, hana haraka.

"Mimi nasema hivi," alisema. "Ng'ombe yangu ikuje kwa boma yako. Ng'ombe yako ikuje kwa boma yangu. Jioni wewe unasema, Galgalo, leo boma yangu imejaa! Mimi pia nasema imejaa. Sasa nani amekuwa tajiri?"

"Galgalo, wewe ni mtu wa ng'ombe," nilimwambia. "Hii ni kompyuta."

"Sawa," akasema, akarudi kwa jenereta yake. Mtu mwenye jibu la kweli hana haja ya kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonifanya nisimsikie.

Sasa mjue kikundi chenyewe. Walikuwa wanawake kumi na mmoja wa Hewani, na mwenyekiti wao alikuwa Mama Jillo, mwanamke mrefu, wa sauti ya chini, aliyemjua mama yangu tangu wakiwa wasichana. Walikata miaa ya mikoma, wakaianika, wakaitia rangi, wakasuka ukili, yaani mkanda mwembamba wa miaa, na kuushona ukawa mkeka. Mkeka mmoja mzuri ulichukua siku nyingi, na mikono iliyousuka ndiyo ileile iliyoshika jembe. Hilo nililijua. Nimezaliwa humo.

Kila Ijumaa nilimpa dereva wa lori la ndizi karatasi ya kuwapelekea. Niliandika: watu mia mbili na kumi wameitazama mikeka yenu wiki hii, sukeni. Wakati ule ungekaa sokoni Garsen mwezi mzima na mikeka yako usipate mia mbili wa kuitazama. Wanawake wale walisoma karatasi zangu kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisuka, na waliziamini, kwa sababu ziliandikwa na mtoto wa mtu wanayemjua.

Kisha mto ukajaa, si kwa ukali wa El Niño, ulijaa kwa kiasi chake, na ukaanza kushuka. Dereva wa ndizi akaniletea jibu, la kwanza tangu nianze. Mama Jillo alikuwa ameandika maneno machache: "Maji yameshuka. Tope liko tayari. Tulime au tusuke? Vyote hatuviwezi."

Swali lilikuwa wazi, na aliniuliza mimi kwa kuwa mimi ndiye niliyedai kuwaona wanunuzi. Kikundi kikisuka, hakuna atakayelima, maana hakuna anayeweza kulima peke yake. Zamu ni ya wote au si ya yeyote.

Ningeweza kufungua kaunta ya pili. Ilikuwa mbofyo mmoja tu. Sikuifungua, na sababu nawaambia bila kuficha: wiki ileile bwana mkubwa wa Nairobi alikuwa ameniandikia barua ya mistari mitano, akinipongeza. Nilikuwa nimeanza kutembea Garsen kama mtu mwenye soko. Nikaandika: "Sukeni. Wiki hii ni mia mbili na arobaini. Wakianza kuagiza nasi hatuna mikeka, itakuwa aibu."

Siku kumi na mbili baadaye, adhuhuri, Mama Jillo aliingia ofisini. Alikuwa amepakiwa kwa baiskeli kutoka Hewani, ana vumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuwaona wanaotutazama."

Nikamvutia kiti. Mashine ilikuwa inafanya kazi, mimi nina kikombe mkononi. Kwenye kioo kulikuwa na lile duka la kola za mbwa. Mzunguko ulikuwa umelirudisha. Akaegemea mbele akakodoa macho.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtu wa mbali, mama. Anauza kola za mbwa."

"Wewe una mbwa?"

"Sina."

"Utamnunulia nani?"

"Sinunui, mama. Mimi namtazamia, ili nasi tutazamiwe. Ni kama kulimiana."

Uso wake ukalegea aliposikia neno hilo. Nilidhani nimefaulu. Ukurasa ukaondoka wenyewe, ukaja mwingine, wa dawa za nywele.

"Yule amekwenda?"

"Amekwenda. Sekunde zake zimeisha."

"Kola zake zilikuwa rangi gani?"

Wanangu, ukurasa ule nilikuwa nimeufungua labda mara ishirini. Nilitafuta rangi kichwani mwangu nikakuta chai. Mama Jillo alinitazama, kisha akakitazama kikombe.

"Na wale mia mbili wetu," akasema, "nao wameshika vikombe?"

Jenereta ilikuwa inanguruma nje, nami niliishukuru kwa kelele yake.

"Pale ndani, tulipoandika namna ya kuagiza. Wangapi wameingia?"

Ndipo nikafungua ukurasa wa pili, nikashuka mpaka chini, kwenye kaunta. Mbele tulikuwa tumepita elfu moja. Ndani kulikuwa na kumi na nne.

"Hao kumi na nne ni kina nani?"

"Ni mimi, mama," nilisema. "Nilikuwa napima kama unafunguka."

Galgalo alikuwa mlangoni na alisikia. Natamani angecheka. Hakucheka, aliinamisha kichwa akaenda zake uani.

"Kwetu," Mama Jillo alisema polepole, "anayekwaruza tunamjua kwa sababu tuko nyuma yake. Hawa wako, nani yuko nyuma yao? Na wewe ukiwakwaruzia, nani yuko nyuma yako?"

Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. Aliomba maji, akanywa, akajifunga leso yake vizuri. "Ya juu yamepasuka," alisema. "Mashamba sita. Langu mojawapo. Ya chini, yale matano ya karibu na msitu, bado jembe linaingia kwa siku kidogo. Kesho tunaanza." Akatoka kumtafuta yule wa baiskeli.

Niliona haya. Nayaandika maneno hayo mawili ikiwa imepita miaka mingi, na bado nayaona. Nilizima mashine kabla saa zangu mbili hazijaisha, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, na chai niliimwaga.

Matokeo yake ni haya. Mashamba matano yalipandwa, sita hayakupandwa. Msimu ule nyumba kumi na moja zilikula mavuno ya nyumba tano, kwa sababu wanawake wale waligawana bila kumwuliza mtu, na ungeliona gunia lilivyogawanywa ungejua kwamba hakuna aliyeshiba. Mikeka waliyoisuka badala ya kulima ilikaa ndani imekunjwa. Mingi iliuzwa Malindi kidogo kidogo, Kassim akiitundika mlangoni mwa duka lake la kompyuta, na kwa muda mrefu watu walidhani amebadilisha kazi. Sikumlaumu Kassim. Aliniambia nitazame kaunta ya pili. Nilimlaumu siku mbili tu.

Bwana mkubwa nilimwandikia ukweli wote, na kaunta zote mbili. Akajibu kwa mstari mmoja: "Endelea kuongeza idadi." Sikuongeza. Niliacha kabisa kubadilishana, na saa zangu mbili nikazitumia kutafuta watu wanaoandika juu ya ususi, mmoja mmoja, na kuwaandikia barua nikiwa nimeisoma kazi yao kweli. Hii ndiyo njia ndefu, na sikufundishwa na mtu. Niliandika barua nyingi, waliojibu ni watatu, na mmoja wao akawaelekeza wasomaji wake kwetu. Kaunta ya mbele ikalala, siku nyingine haisogei hata kidogo. Nikawa natazama ya pili.

Siku moja ikaja barua kutoka kwa mwanamke wa nchi za mbali. Hakusifu. Aliuliza: mkeka wa tatu, ukingo wa kushoto, mpango wa rangi umegeuka kati, je, hiyo ni desturi yenu au ni kosa? Nikaichapisha, nikaipeleka Hewani kwa mkono wangu, nikamfasiria Mama Jillo. Akaitisha mkeka wenyewe, akaufuata ukingo kwa kidole mpaka alipopaona.

"Nilisinzia hapa," akasema, akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu siku ile ya kikombe. "Mwambie ni kosa. Mwambie nilisinzia. Huyu ameutazama mkeka."

Nikamwandikia hivyohivyo. Akaununua ule ule, wenye kosa. Wateja wa namna hiyo tuliwapata wachache mpaka mradi ulipofungwa, na kila mmoja nilimjua kwa jina na kwa maswali yake. Sisemi walitosha. Hawakufidia hata shamba moja.

Mkiniuliza leo, "Nifanyeje ili watu waje kwenye ukurasa wangu?" nitawaambia mambo ya kifundi, maana hayo nayajua. Picha iwe nyepesi. Andika jina la kitu unachouza mahali pa kwanza jicho linapotua, usimfanye mtu akisie. Weka anwani inayojibiwa, na ujibu. Usijihesabu mwenyewe. Na mtu akikuambia amekuletea elfu moja, muulize wangapi walibofya mara ya pili. Akikasirika, umepata jibu.

Lakini nimeruka siku moja, nami nairudia kwa kuwa ndiyo niliyoikumbuka pale kibandani.

Ni Jumamosi ile ya kwanza, baada ya Mama Jillo kuja ofisini. Nilikwenda Hewani bila kuitwa, na jembe la kuazima kwa Galgalo, ambaye alilitumia kuchimba mfereji wa mafuta machafu. Nilikuta kundi liko kwenye shamba la tatu kati ya yale matano, karibu na msitu. Walinisalimu, wakauliza habari za nyumbani, wakanionyesha mstari wangu. Hakuna aliyetaja kompyuta. Mikono yangu ilikuwa ya karani, na baada ya muda mfupi viganja vilianza kuwaka. Wenzangu walikuwa wanasogea mbele, nikaona haya kubaki nyuma, nikaongeza kasi. Nilifika mwisho wa mstari karibu sawa na wao, jasho linanitiririka, nimejisikia mtu.

Mama Jillo alikuwa akitembea nyuma yetu na ndoo ya maji. Shamba halikuwa lake. Lake lilikuwa limepasuka. Mwenye shamba alikuwa jikoni, na Mama Jillo alimshikia nafasi. Aliupitia mstari wangu. Katikati alisimama, akachuchumaa, akachomeka kidole pale nilipopita na jembe. Kidole kiliishia kwenye ukucha. Akachomeka kwenye mstari wa jirani yangu, kikazama mpaka kiungo cha pili.

Akaja akanipa maji. Nilikunywa yote, nikiwa nimeinamisha macho, nikingoja. Nilijua mahali ukoko unapokaa kwenye sufuria.

"Buya, mwanangu," akasema kwa ile sauti yake ya chini, wengine wasisikie, "leo mimi niko nyuma yako."

Akanirudishia jembe. Nikarudi mwanzo wa mstari.